Nimeposwa, lakini meno ya mbele sina: nimfiche mchumba?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mjane wa miaka 53, naishi Tanga mjini. Asubuhi nauza vitumbua na chai barazani kwangu, jioni nasomesha watoto Kurani chuoni. Mume wangu alifariki zamani, watoto nimewalea mpaka wakajitegemea. Mwaka huu nimeposwa na mgane mmoja, mstaafu wa bandari, mtu mpole na wa swala tano. Ndoa ni baada ya wiki sita.

Tatizo langu ni meno. Nina sukari ya siku nyingi, nayo imenimaliza fizi. Magego ya chini nilishang'olewa pande zote mbili. Meno mawili ya juu ya mbele yalianguka, na mawili yaliyo pembeni mwake yanatikisika. Nimezoea kucheka na mtandio mdomoni, kwa hiyo mchumba sidhani kama anajua ukubwa wa mapengo. Chuoni watoto wameanza kunicheka, maana nikitamka herufi za thaa au dhali hewa inapita tu.

Nilikwenda kliniki. Daktari akasema yale mawili yanayotikisika yang'olewe, nisubiri miezi miwili mitatu fizi zikae sawa, ndipo nipimwe meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, juu na chini, kwa shilingi laki nne. Shoga yangu akaniletea fundi anayepita majumbani. Huyo anasema atanibandikia meno mawili ya mbele siku hiyohiyo, 30,000 kila jino, yanayotikisika hayang'oi, atayafunga pamoja na mapya. Anasema hayatoki maisha, hata mume hatajua.

Shangazi, moyo wangu uko kwa fundi. Meno ya kuvua nayaogopa. Marehemu mama mkwe alikuwa nayo, usiku anayatia kwenye glasi kando ya kitanda, wajukuu wakiyaona wanatoka mbio. Bi harusi mzima nitie meno kwenye glasi? Kwani nikilala nayo kuna ubaya gani? Na nikiyavaa nitakula vipi, nitasomesha vipi? Na udhu wangu je?

Nijibu bila kunificha.

Bi Harusi Mtu Mzima, Tanga

* * *

Marahaba mdogo wangu, na hongera ya posa.

Umetaka nisikufiche, basi naanza na lile usilopenda kulisikia. Meno ya bandia hayafichiki kwa mtu mnayelala chumba kimoja, na mwenye kujaribu kuyaficha ndiye yanayemharibikia. Nimezungumza na daktari wa meno kabla ya kukujibu, na katika makosa aliyonitajia, mengi mzizi wake ni aibu. Mtu analala nayo asionekane kibogoyo. Hayasafishi vizuri kwa sababu anaogopa kukutwa bafuni. Anavumilia kidonda kimyakimya. Anamkimbilia fundi wa siku moja. Kwa hiyo swali lako la mume na swali lako la meno mimi naona ni swali moja. Ya kitaalamu humu ni ya daktari. Ukali ni wangu.

Tuanze na fundi wako. Wanavyofanya mafundi wa aina hiyo ni kuchanganya unga na maji ya akriliki, aina ya plastiki ngumu, kuufinyanga ungali laini juu ya fizi, kuubana kwenye meno ya jirani na kuuacha ugande. Ule mchanganyiko ukiganda hutoa joto, na maji yake yanawasha, kwa hiyo fizi inaweza kuungua palepale. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kilichobandikwa hivyo hakipitishi mswaki wala uzi chini yake. Chakula kinaingia, hakitoki. Harufu utaisikia kabla fungate halijesha, na mumeo ataisikia pia, sasa hiyo siri umeificha wapi?

Halafu wewe una sukari. Fizi za mwenye sukari hushambuliwa upesi na hupona polepole, nazo fizi zikiugua huifanya sukari yenyewe iwe ngumu kushuka. Meno yanayotikisika akiyafunga pamoja na mapya, ugonjwa unabaki chini yake unaendelea kula mfupa, na yale mazima yaliyobebeshwa mzigo nayo yanaanza kulegea. Leo unatafuta meno manne. Ukipita njia hiyo unaweza kujikuta unatafuta sita. "Hayatoki maisha" ndiyo sifa anayoiuza, na ndiyo kasoro yenyewe.

Mtu yeyote anayetaka kuingiza mkono kinywani mwako muulize amesajiliwa wapi. Daktari wa meno huku Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na wa kweli hanuni ukimuuliza. Fundi sanifu wa meno naye ni mtaalamu halali, tena ndiye anayeyatengeneza meno yenyewe, lakini pahala pake ni maabara na anafuata vipimo vya daktari. Kutembea na mkoba nyumba hadi nyumba si kazi yake.

Sasa wiki zako sita. Daktari hakukuambia usubiri kwa kukuonea. Jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika huanza kusinyaa, na husinyaa kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Meno yaliyopimwa kwenye fizi mbichi yatapwaya fizi ikishuka. Lakini ipo njia ambayo pengine hukuiulizia, ambayo ni meno ya papo kwa papo. Unapimwa kabla ya kung'olewa, maabara inayatengeneza, na siku ya kung'olewa unavalishwa hapohapo. Hukai hata siku moja na pengo jipya. Gharama yake ni kwamba baada ya miezi kadhaa lazima urudi yakajazwe upande wa ndani yakae upya, na wakati mwingine hutengenezewa mengine kabisa. Njia ya pili, kama hayo mawili bado yanaweza kungoja, ni kutengenezewa sasa ya kuziba pengo lililopo, kisha mengine yakaongezwa kwenye bamba hilohilo (kile kipande kinachobeba meno na kukaa juu ya fizi) ukishang'olewa. Ipi inakufaa, daktari ataamua akishayatikisa na kuona picha ya eksirei. Rudi kwake wiki hii, mwambie tarehe ya ndoa waziwazi, na nenda na kipimo cha sukari cha karibuni. Dawa zote unazotumia mtajie kabla hajashika koleo.

Atakutajia na mambo mengine ya kuchagua. Daraja, lile linalogandishwa moja kwa moja, hukatwa meno ya pembeni ili yalibebe, na kwako ya pembeni ndiyo hayo yanayotikisika, kwa hiyo sahau. Kipandikizi cha skrubu kwenye mfupa ni kizuri, ila ni ghali sana, kinachukua miezi, na kinataka sukari iliyotulia. Kwa sasa chako ni bamba la kuvaa na kuvua. La akriliki tupu ni nene kidogo na linavunjika likianguka, lakini ni nafuu na linaongezeka jino likipungua. La fremu ya chuma ni jembamba, imara, halizibi kaakaa lote, ila bei yake ni nyingine na kuliongezea jino ni kazi. Kwa mtu ambaye meno yake bado yanaondoka, mimi ningeanza na akriliki, nije kufikiria chuma kinywa kikishatulia. Kuhusu laki nne, uliza inajumuisha nini. Marekebisho ya baada ya kuvalishwa yamo, au kila ukirudi unalipa? Kama una bima, waulize wao kabla ya kuanza. Na kama bei imekushinda, jaribu kliniki ya kinywa na meno ya hospitali ya rufaa ya mkoa, hapo kwenu Bombo, uulize kama wanatengeneza wenyewe au wanakuelekeza kwingine.

Usishangae kuitwa mara nne tano. Wanachukua umbo la kinywa, wanapima namna taya zinavyokutana, halafu wanakujaribishia meno yakiwa yamepangwa kwenye nta. Hiyo siku ya nta usiipuuze, wewe hasa mwalimu wa chuo. Meno yakiwa kwenye nta husogezwa mbele au nyuma, hupunguzwa au kurefushwa. Yakishapikwa kwenye akriliki, mchezo umekwisha. Kwa hiyo usikae kama bubu. Msomee daktari kwa sauti, umpe thaa, dhali na faa, umpe sini uone kama inapiga mluzi. Ncha ya ulimi hugusa meno ya juu katika thaa na dhali, mdomo wa chini huyagusa katika faa, na hapo ndipo utajua kama yamekaa mahali pake. Nenda na picha yako ya zamani unayocheka, fundi sanifu wa maabara aone meno yako yalikuwa na umbo gani. Na rangi, tafadhali, usichague nyeupe ya karatasi. Mwanamke wa miaka 53 mwenye meno meupe kuliko kanzu ya Idi, hata kipofu atajua. (Ukichagua meno ya papo kwa papo, yale yanayong'olewa siku hiyo hayawezi kujaribiwa kwenye nta, kwani ya kwako bado yamo mdomoni. Ndiyo sababu nyingine ya kuyahesabu kuwa ya muda.)

Twende kwenye glasi ya mama mkwe.

Kulala nayo kuna ubaya. Usiku mate hupungua, na chini ya bamba panabaki joto na unyevu ambao fangasi hupenda. Fizi na kaakaa huwa vyekundu, wengine pembe za mdomo hupasuka, na mwenye sukari ndiye wa kwanza kupatwa. Wajapani walifuatilia wazee zaidi ya 500 wa miaka 85 na kuendelea, matokeo yakachapishwa 2015, na waliokuwa wakilala na meno ya bandia walionekana kupata nimonia mara mbili hivi ya wale waliokuwa wakiyavua. Wewe hujafika umri huo, lakini unaona mwelekeo. Tena bamba dogo la meno machache linaweza kutoka usingizini likamezwa, na hilo wakati mwingine hutolewa kwa upasuaji. Kwa hiyo usiku ni kuvua. Isipokuwa ukivalishwa ya papo kwa papo: hapo daktari hukuambia usiyatoe saa 24 za mwanzo, kwa sababu fizi ikivimba huenda usiweze kuyarudisha. Umsikilize yeye.

Glasi si lazima. Kuna vibweta vya plastiki vyenye kifuniko, na hata kidau cha kawaida cha plastiki kinatosha. Kitie maji ya kawaida, kwa sababu akriliki ikikauka hupoteza umbo, kisha kiweke ndani ya kabati. Wajukuu hawatakimbia. Kusafisha ni kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida ya kipande, kila siku na ikiwezekana kila baada ya kula. Dawa ya meno iache kwa meno yako ya kuzaliwa, kwa kuwa ina chembechembe zinazokwaruza akriliki, na mikwaruzo hiyo hushika uchafu na harufu. Maji ya moto usiyatumie kabisa. Bamba likijikunja halirudi. Chini weka beseni lenye maji au taulo, maana yakiponyoka kwenye sakafu ya saruji utayaokota vipande. Na kinywa chenyewe kipigwe mswaki, pamoja na fizi na ulimi, hata palipo na pengo. Hayo meno yaliyobaki ndiyo yanayolishika bamba, yakitoboka au kulegea umerudi ulikotoka.

Siku za mwanzo utajiona umejaza mdomo. Mate yatakuwa mengi, maneno mazito, pengine kichefuchefu bamba la juu likigusa nyuma. Yanapita kwa kuyavaa. Soma kwa sauti ukiwa peke yako, kabla hujasimama mbele ya wale watoto wako wacheshi. Kidonda kikitokea, na mara nyingi hutokea, usichukue tupa wala msasa. Rudi kliniki, na siku moja kabla ya kwenda yavae ili alama ya panapochoma ionekane, ndipo daktari ajue pa kusugua. Kidonda kinachopita wiki mbili bila kupona lazima kitazamwe, uwe na bandia usiwe nayo. Yakivunjika usiyaunge kwa gundi ya viatu. Ukishafanya hivyo maabara haiwezi tena kuyakutanisha sawasawa. Gundi maalumu ya meno ya bandia ipo madukani, ila kidogo tu na kwa ushauri. Bamba linalohitaji gundi kila siku linapwaya, linataka kurekebishwa.

Chakula anza na laini, mfano ndizi za kupika, viazi, mchicha, uji, na vitumbua vyako mwenyewe ndiyo mahali pake hapa. Kata vipande vidogo, tafuna pande zote mbili kwa pamoja ili bamba lisiinuke upande mmoja. Kung'ata kwa meno ya mbele acha: mahindi ya kuchoma, muwa, embe bichi, hayo yapukuchue au yakate kwa kisu. Nguvu ya kutafuna haitakuwa ile ya ujanani, usidanganywe na mtu. Chai nayo ionje kwanza, kwani kaakaa likifunikwa joto hulihisi kwa kuchelewa, utashtukia koo limeungua.

Na samaki, mwana wa Tanga. Hili daktari alilirudia. Kaakaa ndiyo inayotuonya kuwa kuna mwiba, na mwenye bamba la juu huweza kuumeza bila kujua. Changu na tasi wachambue kwa vidole sahanini, tonge kwa tonge, hata kama wenzako wanamaliza kabla yako.

Haya, mzee wa bandari. Nakushauri umwambie kabla ya ndoa, na umwambie wewe, asisikie kwa shoga yako. Usifanye kikao. Mkiwa mnazungumzia maandalizi mwambie: "Nina mapengo, sukari ilinitoa meno. Natengenezewa ya kuvaa, na usiku huwa yanavuliwa." Basi. Mstaafu wa umri huo naye huenda ana gego lake limekwenda, au ana dawa ya presha anayoimeza kwa kujificha. Akicheka, mcheke pamoja. Akikimbia kwa meno manne, afadhali akimbie sasa, eda huna. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliapishwa 1789 amebakiwa na jino moja la kwake, na meno aliyovaa yalichongwa kwa vitu kama pembe ya kiboko na kufungwa springi; alimwandikia daktari wake kulalamika kwamba yanamtokeza midomo. Hayo ndiyo mateso. Yako yatakuwa mepesi.

Usiku wa kwanza ukiona aibu, yavue bafuni, safisha, funga kidau, rudi. Mwezi ukipita utakuwa unamtuma akuletee.

La udhu na kusukutua kinywa mpelekee shehe wako, mimi sitoi fatwa. Ila kwa upande wa tabibu ya kuvua yana faida hiyo: ukihitaji kuyatoa yanatoka, ukimaliza unayarudisha, jambo ambalo ya fundi wako hayakupi.

Laki nne kama hujaitimiza, waambie wanao kabla hujamwambia shoga. Sherehe inaweza kupunguzwa mbuzi mmoja. Siku yenyewe jikoni wakuchambulie nyama ya pilau, na kashata waachie wageni.

Shangazi